Masizi ya Bi Thoa

Luong alikuwa na makosa mengi, na Bi Thoa angeweza kuyataja yote huku anakata vitunguu, asipumzike wala asirudie. Mchoyo. Anachokonoa meno mbele ya wageni. Akialikwa kula anakaa karibu na sahani ya kuku, na paja la kuku linajua limekwisha. Hayo yote Bi Thoa angeyameza, maana Luong ni mdogo wa marehemu mume wake, Hoan, na mdogo wa mume unamvumilia kama unavyovumilia paa linalovuja. Lililomkaa kooni ni picha.

Siku walipomzika Hoan, Luong alikuja na kamera shingoni. Katika ukoo wote pale mjini Nam Dinh ni yeye tu aliyekuwa na kamera ya maana, na alivyokuwa anaibeba ungesema ameizaa. Akawapiga watu picha uani, jua kali, kila mtu na nguo nyeupe ya msiba na kitambaa cheupe kichwani. Kwenye karamu ya kutimiza siku mia tangu kifo akazileta picha, zimeshasafishwa, zikapita mkono kwa mkono juu ya mabakuli. Ile ya Bi Thoa akiwa kando ya jeneza ilionyesha kitambaa, ikaonyesha jeneza, ikaonyesha mpaka nzi aliyetua juu ya jeneza. Uso hakuna. Palikuwa na kitu cheusi chenye macho mawili, kama sufuria iliyopikia kuni tangu enzi za Wafaransa.

"Luong, huyu nani?"

"Si ni wewe, shemeji."

"Mimi ndio niko hivi?"

Luong akajifuta mdomo, akacheka. "Mashine haidanganyi, shemeji. Inatoa kilichopo mbele yake."

Watu wakacheka. Nhai, mke wa Luong, ambaye mdomo wake haujawahi kulala njaa, akaongeza: "Dada, umeuza chapati juu ya moshi na mvuke miaka yote hiyo, uso usiive kwa nini?" Wakacheka tena. Hata Lieu, binti yake wa kumzaa mwenyewe, alijificha nyuma ya bakuli la supu, lakini Bi Thoa aliliona bakuli linavyotikisika. Kuanzia siku ile watoto wa ukoo wakamwita Bibi Masizi. Wakidhani hasikii. Alikuwa anasikia vizuri sana.

Sasa ingekuwa ni picha ya kutupa kabatini, ingepita. Lakini Bi Thoa alikuwa amefika umri wa kujiandalia picha ya madhabahu, ile itakayokaa nyumbani kando ya picha ya Hoan siku akifa, wajukuu waichomee ubani na kuiwekea matunda. Mtu mwenye akili anaipiga mapema, wakati mashavu bado yapo. Mwaka uliofuata akavaa gauni lake refu la mahameli na shanga za lulu, akamwomba Luong ampige. Luong akamsimamisha mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, akabonyeza mara moja. Masizi tena. Gauni lenyewe lilikuwa na sura kuliko yeye.

"Mashine haidanganyi, shemeji."

Unaweza kuuliza, kwa nini asiende studio? Alishakwenda kuona kazi yao. Studio walimpiga dada wa Bi Que, yule jirani wa Bi Thoa wa ukuta kwa ukuta, kisha wakamtengeneza kwenye kompyuta. Wakamfuta mikunjo, wakampaka wanja, wakakichukua kichwa wakakipachika juu ya mwili wa msichana aliyevaa gauni la bluu. Hadi leo wajukuu wa yule mama wanamchomea ubani mcheza sinema. Na Bi Thoa alijua Luong angesema nini. Angesema, ahaa, kumbe mpaka akasafishwe na kompyuta! Hapana. Alitaka uso wake, wa kwake, utoke kwenye kamera kama ulivyo, na Luong auone. Asipoupata kabla ya kufa, atakaa juu ya madhabahu milele kama chungu kilichoungua, kando ya Hoan aliyetoka vizuri, na Luong atakuja kila mwaka kula kuku mbele yake.

Kwa hiyo Lieu aliponunua simu mpya na kusema ile kamera yake ya zamani anataka kuigawa, Bi Thoa alinyoosha mkono kabla binti hajamaliza kusema.

"Mama, utaiweza?"

"Nilikuweza wewe."

Kulikuwa na darasa la picha la wastaafu kwenye ukumbi wa mtaa, asubuhi. Wengi walikuwa wazee waliovaa vizibao vya mifuko mingi, na mifukoni hamna kitu ila pipi za kikohozi. Walipenda kupiga ua la yungiyungi. Kila mmoja alikuwa na maua ya yungiyungi ya kutosha kufunga barabara. Aliyefundisha alikuwa Diep, mwanamke wa makamo aliyekuwa mpiga picha wa gazeti, sauti nzito, bilauri ya chai ya barafu haimtoki mkononi.

"Mama Thoa, kwenye hiki kigurudumu, hapa penye kijani kamera inaamua kila kitu. Hapa penye M unaamua wewe."

"Niweke kwenye M."

"Tuanze na kijani kwanza, uzoee."

"Kijani ninakijua. Kina jina, kinaitwa Luong. Niweke kwenye M, mwanangu."

Diep akamweka. Akamfundisha kwamba mambo ni matatu. Kuna tundu la kuingizia mwanga, linapanuliwa na kubanwa. Kuna mlango mdogo ndani, unafunguka na kufunga, na unaamua ukae wazi muda gani. Na kuna namba ya ukali wa jicho la kamera, ukiipandisha inaona hata gizani lakini picha inatoka na chenga kama mchele usiopepetwa.

"Tundu likiwa kubwa namba yake ni ndogo," Diep akasema. "Tundu dogo, namba kubwa."

Bi Thoa akaiweka kamera chini. "Rudia."

Diep akarudia.

"Aliyepanga hivyo alikuwa amelewa."

"Mama, ndivyo ilivyo dunia nzima."

"Basi dunia nzima ilikuwa kwenye sherehe moja."

Hakusoma sana Bi Thoa. Shule aliiacha bado hajajua kugawanya, mabomu yalikuwa yanaanguka na mama yake alitaka mtu wa kusaga mchele. Lakini hakuwa mtu wa kuachia kitu. Juma la kwanza picha zake zote zilikuwa nyeusi, hata zile alizokumbuka kutoa kifuniko cha lenzi. Akafungua tundu lote. Zikawa nyeupe. Alimpiga jogoo wa Bi Que, na kwenye picha jogoo hayupo, kuna mwanga tu na ukucha mmoja.

"Umemfanya nini jogoo wangu?" Bi Que akauliza.

"Amepaa."

Wajukuu wa Bi Que aliwapiga mlango ukiwa umekaa wazi muda mrefu mno, nao hawatulii, wakatoka kila mmoja na vichwa vitatu. Bi Que akaitazama ile picha, akasema afadhali uifiche, mama yao asiione, ana mimba. Watu wa kichochoro wakaanza kumkwepa. Muuza maboga akiona kamera inainuliwa anageuza baiskeli.

Kilichomtoa hapo ni mlango wenyewe. Maisha yake yote Bi Thoa alikuwa anauza zile chapati nyepesi za mchele zinazopikwa kwa mvuke: unamwaga uji juu ya kitambaa kilichokazwa kwenye mdomo wa sufuria, unafunika, unafunua, unaibandua kwa kijiti cha mwanzi. Ukifunua mapema ni uji. Ukichelewa imekuwa ngozi ya kiatu. Moto ukiwa mkali unafunika kidogo, moto ukipoa unaacha zaidi. Siku moja anajaribu kumpiga paka dirishani, mkono wake ukaenda wenyewe: mwanga mkali, mlango haraka. Wingu likapita, akauacha zaidi. Paka akatoka na masharubu yote.

"Mbona hukusema kwamba ni mfuniko?" akamwambia Diep kesho yake, kwa hasira.

"Mfuniko gani, mama?"

"Basi tu. Endelea kunywa chai."

Ndani ya kamera, ukichungulia, mlikuwa na kijisindano kinachokwenda kushoto ukiwa na mwanga mchache na kulia ukizidi. Bi Thoa akajifunza kukiweka katikati. Akawa hapigi picha mpaka sindano ikae katikati kabisa. Akaanza kuringa. Wale wazee wa vizibao wakipata picha mbovu anawauliza, "Sindano yako ilikuwa wapi?" kwa sauti ya polisi wa barabarani. Akamwambia Bi Que, vaa vizuri, nakupiga picha yako ya madhabahu mimi mwenyewe, tuwaonyeshe studio.

Bi Que akaja na blauzi nyeupe ya hariri, aliyoitunza tangu harusi ya mwanawe. Bi Thoa akamweka mbele ya ule ukuta wa chokaa, akachungulia, akazungusha, sindano ikakaa katikati kama imepigiliwa msumari. Akabonyeza.

Wakainamia kile kioo cha nyuma wote wawili.

Bi Que akakunja macho, akakisogelea zaidi. Halafu akasema, "Thoa. Umenipaka masizi."

Na kweli. Sufuria ile ile.

"Subiri, nirudie."

Akarudia. Sindano katikati. Masizi.

"Miaka yote nimekusikiliza ukimtukana Luong," Bi Que akasema, huku anafunga vifungo vya koti lake juu ya ile hariri. "Kumbe ulikuwa unataka kazi yake." Akaenda zake, na siku kadhaa ukuta kwa ukuta haikusikika salamu.

Bi Thoa hakulala vizuri. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Luong angekuwepo angesema lile neno lake. Asubuhi akamfuata Diep kabla darasa halijafunguliwa, akamkuta anavunja barafu.

"Sindano niliiweka katikati. Nimefanya kila ulichosema. Mbona masizi?"

Diep akaitazama picha. "Ukuta mweupe, blauzi nyeupe. Mama, sindano haijui ni ukuta wala haijui ni Bi Que. Yenyewe inaamini dunia yote ina rangi ya majivu. Ukiionyesha kitu cheupe inafikiri mwanga umezidi, inaupunguza mpaka cheupe kiwe majivu. Na uso unazama pamoja nacho. Penye weupe mwingi usiisikilize. Ipeleke sindano kulia, ongeza mwanga kuliko unavyoambiwa."

"Na hapo penye kijani?"

"Hapo ndio kamera inaisikiliza sindano siku zote. Haina mtu wa kuikataza."

Bi Thoa akaondoka bila kuaga, darasa lenyewe halijaanza, akaenda nyumbani, akafungua kabati, akaitoa ile picha ya msibani. Hajawahi kuitazama ila uso. Leo akatazama kitambaa. Kile kitambaa cha msiba alikishona yeye, kwa mkono, kutoka kwenye jora jipya, cheupe kiasi cha kuumiza macho. Kwenye picha kilikuwa na rangi ya majivu. Nguo za watu wote, majivu. Kama ukoo mzima ulikwenda kuzika na nguo ambazo hazijafuliwa tangu mwaka jana.

"Ee Hoan," akaiambia picha ya mumewe pale juu. "Mdogo wako ni mpumbavu. Nilijua, ila sasa ninajua ni kwa kiasi gani."

Akaenda kwa Bi Que akampiga upya, safari hii sindano kaisukuma kulia, na Bi Que akatoka na mashavu, na jino la dhahabu, na hariri nyeupe kweli. Bi Que akalia kidogo, akamsamehe. Bi Thoa akasema usilie, utaharibu uso nikitaka kurudia.

Halafu akangoja siku ya kumbukumbu ya Hoan. Akampa kijana wa jirani kazi ya kupaka ukuta wa uani chokaa upya. Akamsimamia mpaka akapaka mara mbili.

Siku ile ukoo ukajaa. Kuku wa kuchemsha, wali wa kunata mwekundu, supu ya machipukizi ya mianzi, vyote vikapangwa kwanza mbele ya picha ya Hoan, maana marehemu anakula kabla ya wenye meno. Vijiti vya ubani vikawashwa, na mpaka viishe kuungua hakuna anayegusa chakula. Ndio wakati watu wanapiga picha, hawana la kufanya isipokuwa kunusa kuku.

Luong alikuja na kamera shingoni. Alikuwa amekonda, mwaka ule moyo ulimsumbua, na Nhai alikuwa hampi nafasi.

"Amewapiga ninyi wote," Nhai akawaambia watu, "yeye mwenyewe hana hata moja! Akifa kesho nitaweka nini pale juu? Kitambulisho? Kwenye kitambulisho anafanana na mwizi wa bata."

"Basi mpige leo," Bi Thoa akasema, laini kama uji. "Shemeji amevaa shati jeupe zuri. Simama pale ukutani, shemeji. Nhai atabonyeza, kwa kamera yako mwenyewe, kigurudumu hapo hapo penye kijani ulipokiweka."

Luong akafurahi. Akachana nywele, zile chache, akasimama mbele ya chokaa mpya. Nhai akabonyeza. Akaangalia. Akaangalia mumewe, akarudi kwenye kamera.

"Jamani," akasema. "Huyu nani?"

Kamera ikapita mkono kwa mkono. Sufuria yenye masikio. Lieu akatafuta bakuli la kujifichia, hakulipata, yote yalikuwa mbele ya marehemu. Luong akaichukua, akabonyeza vidude, akarudishwa ukutani, akapigwa tena. Masizi.

"Imeharibika," akasema.

"Haijaharibika," Bi Thoa akasema. "Mashine haidanganyi, shemeji. Inatoa kilichopo mbele yake."

Walicheka mpaka mjukuu mmoja akapaliwa. Luong hakucheka. Alikuwa anakitazama kile kioo, na uso wake wa kweli ulikuwa umeshuka. Akasema polepole, "Ndivyo nitakavyokaa pale juu?"

Bi Thoa alilingoja swali hilo miaka, na alipolisikia halikuwa tamu kama alivyofikiri. Lakini lilikuwa tamu. Akatoa picha ya msibani kwenye mfuko wa gauni.

"Hiki kitambaa nilichovaa siku ile kilikuwa na rangi gani?"

"Cheupe."

"Hapa je?"

Luong akaisogeza karibu na macho. Akaigeuzia mwanga. Nhai naye akachungulia juu ya bega. "Majivu," Nhai akasema kabla yake. "Na changu majivu! Na nilikifua na sabuni ya kipande!"

"Kwa hiyo," Bi Thoa akasema, "moshi wa jikoni kwangu ulimwivisha na Nhai? Na jeneza? Na nzi?"

Akaichukua picha yake, akairudisha mfukoni.

"Mimi nitakupiga, shemeji, utatoka kama mtu. Lakini ulinitukana siku mume wangu anatimiza siku mia. Kamwambie kaka yako."

"Nimwambie nini?"

"Unajua."

Luong akasitasita. Vijiti vya ubani vilikuwa vimebaki vifupi, kuku anapoa, na watu wenye njaa hawana subira na heshima ya mtu mwingine. "Baba mdogo, si useme tu!" "Jamani, mafuta yanaganda!" Nhai akamsukuma mgongoni.

Akaenda mbele ya madhabahu, akachukua vijiti vitatu, akainama. "Kaka," akasema, sauti ndogo.

"Hasikii huyo," Bi Thoa akasema. "Sikio la kushoto lilikuwa bovu hata akiwa hai."

"Kaka! Mashine ilidanganya. Uso wa shemeji hauna masizi. Ni mimi nilikuwa sijui."

Basi. Bi Thoa akamsimamisha ukutani, akachungulia kwenye kamera yake, akaipeleka sindano kulia inakotakiwa, akampiga. Luong akatoka vizuri, mzee mwenye shati jeupe na macho ya woga kidogo, hata ile chunjua ya pembeni mwa pua. Nhai akasema sasa huyu naweza kukaa naye.

"Bado," Bi Thoa akasema, akamrudishia Luong kamera yake mwenyewe shingoni. "Zamu yangu. Usiguse kijani. Zungusha hiki. Zungusha. Usiisikilize sindano, nisikilize mimi. Zaidi. Nani kakwambia uache? Zaidi. Hapo."

Akasimama kwenye chokaa na gauni lake la mahameli, mikono mbele, hakutabasamu. Luong alikuwa anatokwa jasho. Akabonyeza.

Wakaja wote kuangalia. Ulikuwa uso wa Bi Thoa. Kila mkunjo, kila doa la jua, kovu la mvuke juu ya kidevu, nyusi zilizokwisha, macho yale yale ambayo watoto wanayakimbia. Luong akaitazama, akamtazama mwenyewe, akaitazama tena. Mdomo wake ukafunguka, lile neno lake la mashine likiwa ulimini.

Bi Thoa akamkazia macho.

Luong akaufunga. Ubani ulikuwa umekwisha. Bi Thoa akaenda mezani, akachukua lile paja la kuku, akaliweka kwenye bakuli lake mwenyewe.